Masomo Niliyoyaweka Juu ya Meko

Siku seva ilipopakiwa kwenye lori la misheni kwenda Bukoba, fundi wa huko aliniuliza kwa redio ya mawasiliano ya misheni kama nimenakili masomo yote, nikajibu nimenakili. Akauliza tena, "Nakala mbili?" Sauti yake ilikuja ikikwaruza, kama mtu anayesema huku anatafuna mchanga. Mkuu wa shule alikuwa amesimama nyuma yangu akipigapiga funguo pajani. Nikasema, "Ndiyo, mbili." Ilikuwa moja. Tangu hapo nimeandika mambo mengi ambayo hayakutokea, na watu wamenisifu kwa hayo. Uongo ule wa neno moja haujanitoka.

Hiyo ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, kwenye shule ya sekondari ya kanisa, si mbali na Kihanga. Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, nikasoma kompyuta miezi mitatu mjini Bukoba, na kwa wilaya yetu ya Karagwe wakati ule hiyo ilitosha kumfanya msichana kama mimi mtaalamu. Nilipewa chumba kilichokuwa ghala la kahawa. Ukuta ulikuwa umepakwa chokaa upya, lakini jua likipiga bati mchana, harufu ya buni ilitoka tena kwenye nyufa za sakafu, ikakaa nasi mpaka jioni.

Ndani ya chumba hicho mlikuwa na kompyuta nne, zote zawadi, zote zimetumika kwingine kabla ya kuja kwetu. Kubwa kati yake ilikaa peke yake kwenye meza ya pembeni, nayo ndiyo tuliyoiita seva. Masomo yote yalikaa humo. Zile tatu nyingine zilikuwa kama madirisha tu: ukibonyeza mahali palipoandikwa moyo, waya ulikwenda kwa seva, ukachukua ukurasa wa moyo, ukakuletea na picha yake. Hatukuwa na simu, sembuse mtandao wa dunia. Mtandao wetu ulianzia ukutani ukaishia dirishani, na mimi niliupenda kama vile ungeweza kufika popote.

Masomo ya biolojia yalikuwa mazuri kuliko yote. Mwalimu aliyeyaandika alikuwa kijana mwenye subira, alichora kwa mkono, mimi nikapiga chapa maneno na kuingiza picha. Kila somo lilikuwa na maswali mwishoni. Mwanafunzi aliandika majibu yake kwenye kompyuta, yakahifadhiwa kwenye seva, na mwalimu akaja baadaye kusahihisha kwa herufi nyekundu hapohapo chini ya jibu. Nilijiona nimeingia kwenye karne mpya kabla haijafika.

Mkuu wa shule aliruhusu watahiniwa wa kujitegemea waje Jumanne na Ijumaa alasiri, saa jenereta ilipowashwa. Walikuja wachache, wakachoka. Aliyebaki ni mmoja.

Alikuwa mama wa watoto watatu, umri miaka ishirini na nane. Alizaliwa Songambele, upande wa Kyerwa, kwa wazazi waliotoka Rwanda zamani, akaolewa kwenye kijiji cha ng'ambo ya bonde letu. Shule aliiacha kidato cha pili, kwa sababu ile iliyowatoa wasichana wengi shuleni: mimba. Sasa alitaka kufanya mtihani wa kidato cha nne ili aende kusomea uuguzi. Chuo alichokitaka hakikuchukua mtu aliyezidi miaka thelathini. Kwa hiyo hakuwa na nafasi mbili. Aliniambia hilo siku ya kwanza, bila kulalamika, kama mtu anayetaja saa ya basi kuondoka.

Alikuja na kikapu cha viazi vitamu, na chini ya viazi madaftari ndani ya mfuko wa nailoni. Nilimcheka.

"Dada, madaftari haya yatakuangusha. Tazama, hili limeloa. Na hili mtoto amekuchorea ng'ombe."

"Siyo ng'ombe. Ni baba yake."

Tukacheka sote wawili. Nikamvutia kiti.

"Andikia humu. Humu hakulowi, hakuchaniki, na mtoto hafiki."

"Na mashine ikifa?"

"Haifi."

"Kila kinachokula umeme kinakufa, mwalimu. Redio ya mume wangu imekufa mara mbili mwaka huu."

"Hii siyo redio."

"Haya. Wewe ndiye unayeijua."

Aliniita mwalimu kwa utani, kwa kuwa nilikuwa mdogo kwake karibu miaka kumi. Lakini neno langu alilishika. Madaftari aliwaachia watoto wamalizie kuchora, na kwa karibu miaka miwili kila alichojifunza aliniachia mimi. Vidole vyake, vilivyozoea kushika panga la kukatia majani ya migomba, vilitafuta herufi moja moja. Mwanzo alijibu swali moja kwa alasiri nzima. Mwaka uliofuata alikuwa anajibu sita, na chini ya majibu yake ule mwandiko mwekundu ulizidi kupungua. Faili lake lilikuwa ndilo daftari lake, kitabu chake na mwalimu wake. Mwalimu mwenyewe wa biolojia alipopata nafasi ya kwenda chuo kikuu, mwezi wa nane mwaka wa mtihani, alimwambia asome masahihisho yake tu, ayarudie na kuyarudia, hayo yangemtosha.

Mwezi uliofuata seva ilijaa. Ukibonyeza moyo, uliweza kwenda nje, ukasalimia watu, ukarudi, ndipo picha ilianza kushuka kutoka juu kama pazia. Wafadhili walikubali kutoa diski kubwa na kumbukumbu zaidi, pamoja na programu mpya ya kuendeshea. Fundi hakuweza kuja kufanya kazi hiyo kwetu, vifaa vyake vilikuwa Bukoba. Ikaamuliwa seva ipelekwe kwake. Diski ya zamani angeifuta na kuifunga kwenye kompyuta ya shule nyingine. Mimi nilitakiwa kunakili masomo yote kwenye disketi, mara mbili, na kuzitunza mahali pakavu mpaka seva irudi.

Mkuu wa shule alinipa disketi thelathini na mbili. Masomo yenye picha yalichukua thelathini. Kwenye ya thelathini na moja niliweka faili la yule dada, likaingia lote na nafasi ikabaki. Kunakili yote mara mbili kusingewezekana, na ningeweza kumwambia mkuu wa shule hivyo. Sikumwambia, maana nilikuwa nimeshajifanya mtu asiyeshindwa na kitu. Ila disketi moja ilibaki, nyeusi, safi, haina hata karatasi ya jina. Ingetosha kabisa kwa nakala ya pili ya faili lake.

Lakini kwenye seva hiyohiyo nilikuwa na sura tisa za riwaya. Niliiandika saa za chakula cha mchana, mafuta ya jenereta ya shule yakiungua kwa ajili yangu bila mtu kujua. Sikuwa nimeionyesha kwa mtu yeyote. Nilikuwa na miaka ishirini, niliamini kwamba nikiipoteza dunia itapungukiwa. Niliishika ile disketi ya mwisho muda wa kutosha kujua ninachofanya. Kisha nikaweka riwaya. Nikajiambia kwamba faili la dada tayari lina nakala, langu halina hata moja. Ilikuwa hesabu sahihi.

Wiki lori lilipoondoka, mvua za vuli zilishuka kwa nguvu. Bati la ghala lilikuwa na matundu ya misumari ya zamani. Kabati ambamo nilikuwa nimefungia disketi lilianza kuota ukungu, na siku ya tatu nikakuta mchwa wamejenga njia yao nyekundu kutoka sakafuni hadi rafu ya kwanza. Mkuu wa shule akaniambia nizichukue nyumbani.

Nyumbani kwetu, mvua ikinyesha, pakavu ni mahali pamoja. Juu ya meko kuna uchaga wa miti, mweusi kwa masizi, na huko ndiko mama alikoweka kila kitu asichotaka kukipoteza: mbegu za maharage, mbegu za mtama, mahindi yaliyofungwa kwa maganda yake. Moshi hufukuza wadudu, joto hukausha unyevu. Chumbani nguo zilinuka unyevu na viatu viliota ukungu, lakini mbegu ya uchagani ilitoka msimu hadi msimu ikilia kama changarawe mkononi. Tangu nizaliwe sikuwahi kusikia kitu kimeharibikia huko.

Maharage yalikuwa yameshapandwa, kwa hiyo nafasi ilikuwepo. Nilizifunga disketi kwa maganda makavu ya mgomba, tabaka juu ya tabaka, nikazikaza kwa kamba ya mgomba uleule, kama tunavyofunga mbegu. Mama alishika fundo akalikagua.

"Ni nini humu?"

"Ni masomo ya shule, mama. Yasipate maji wala wadudu."

"Basi wewe lete. Huku hakufiki mdudu."

Alipanda kwenye kigoda akaziweka mwenyewe, katikati, mahali pazuri. Na kwa muda wa wiki tatu, kila asubuhi alipowasha moto, aligeuza fundo lile upande wa pili ili moshi ulipate sawasawa. Nilimwona akifanya hivyo nikiwa nakunywa uji. Niliona ni upendo, na ulikuwa upendo. Fundi alisema mahali pakavu. Hakusema pasiwe na joto, na mimi niliyesoma miezi mitatu sikukumbuka hata mstari mmoja wa yale niliyosoma. Nilikumbuka mbegu.

Disketi yangu ya riwaya niliibeba mkobani, imefungwa kwa leso.

Seva ilirudi katikati ya mwezi wa kumi, na fundi akaja nayo. Alikuwa mtu wa makamo, mnene, mcheshi, alishuka kwenye gari na tope hadi magotini akilaumu barabara ya kwetu kana kwamba tuliilima sisi. Aliifunga mashine, akaiwasha, na ikaamka kwa sekunde chache. Alinionyesha nafasi iliyomo.

"Sasa binti, humu unaweza kuingiza Karagwe nzima na ng'ombe wake. Lete disketi."

Nikafungua fundo mbele yake. Maganda yalikuwa yamekuwa ya rangi ya kahawa iliyokaangwa. Alichukua disketi ya kwanza, akainusa.

"Hizi zilikaa wapi?"

"Nyumbani. Juu ya meko."

Alinitazama, akaitazama disketi. Mfuniko wake mdogo wa bati ulikuwa umepinda kidogo, na plastiki yenyewe haikulala sawa mezani, ilicheza kama sahani iliyopindika.

"Nilisema mahali pakavu."

"Palikuwa pakavu."

"Pakavu pa kukaushia samaki," alisema. Sikucheka, na yeye akaacha kucheka. "Tujaribu. Zipo mbili mbili, siyo? Ile seti nyingine iko wapi?"

Nikamwambia hakuna seti nyingine. Hakuniuliza kwa nini nilisema ipo. Alivuta kiti akakaa, akaanza kuziingiza moja moja. Mashine ilikwaruza, ikasita, ikakwaruza tena, ikaandika kwamba haiwezi kusoma. Alifanya hivyo mpaka jenereta ilipozimwa, na kesho yake tena. Saba zilisomeka, na picha zilizokuwemo zilikuwa nusu nusu: mapafu ya upande mmoja, jani lisilo na shina. Disketi ya thelathini na moja haikuzunguka kabisa. Aliifungua kwa bisibisi. Utando wa ndani ulikuwa umejikunja pembeni, na masizi meusi yamekaa juu yake kama unga.

"Hii ilikuwa ya nini?"

"Ya mtu mmoja."

"Muhimu?"

"Ana mtihani mwezi ujao."

Alisema diski ya zamani alishaifuta, na shule nyingine walishaandika vitu vyao juu yake. Akakusanya bisibisi zake taratibu. Alipoondoka alinipa mkono kwa mikono yote miwili, kama tunavyofanya msibani.

Yule dada alikuja Ijumaa. Kwa wiki tatu alikuwa hajasoma, kwa kuwa nilimwambia asubiri, mashine mpya itakuwa ya haraka. Alikuwa amesuka nywele. Alikuwa ameniletea punje za kahawa kavu za kutafuna, zimefungwa kwenye jani, kunipongeza kwa seva.

"Imerudi?"

"Imerudi."

"Mbona uso umekuwa hivyo?"

Nikamweleza. Nilisema vyote kuhusu mvua, mchwa, uchaga na masizi. Kuhusu disketi ya thelathini na mbili sikusema. Alinisikiliza akiwa amesimama, kikapu bado mkononi.

"Yangu pia?"

"Yako pia."

"Na yale mekundu?"

"Yote, dada."

Aliitazama seva, taa yake ndogo ya kijani ikipepesa.

"Mimi mwenyewe ningeziweka uchagani," alisema. "Mbegu zangu ziko huko." Kisha akaketi, akavuta kibodi karibu. "Haya. Twende na ninachokumbuka."

Tukafanya hivyo. Alikuja kila siku, mume wake akimruhusu kwa kuwa nilikwenda mwenyewe kumwomba. Niliwaomba wanafunzi wa kidato cha nne madaftari yao, wakayakumbatia vifuani. Mtihani ulikuwa wao pia. Shule ilikuwa na vitabu viwili vya biolojia, navyo vilikuwa na foleni. Nilinakili kurasa kwa mkono mpaka kidole kikaota sugu. Alizisoma akirudi nyumbani kwa miguu. Lakini kujua tu hakukumtosha. Alihitaji kuona pale alipokosea, maana mwenyewe alisema kichwa chake hushika kosa kuliko jibu. Sikuwa na uwezo wa kumrudishia makosa yake.

Siku chache kabla ya mtihani alifika mapema kuliko kawaida. Mvua ilikuwa ikipiga bati, sikumsikia. Nilikuwa nimefungua sura ya tisa kwenye kioo, narekebisha sentensi. Alisimama nyuma yangu akasoma kwa sauti ya chini, herufi kwa herufi karibu, kama alivyozoea.

"Nani huyu anayelia mtoni?"

"Ni hadithi tu, dada. Ninaandika."

"Nzuri. Umeanza juzi?"

Ningesema ndiyo, ingeisha. Lakini nilikuwa nimechoka kusema ndiyo.

"Zamani. Ilikuwa kwenye seva ya kwanza."

"Ilipona?"

"Niliiweka kwenye disketi ya peke yake. Niliibeba mkobani."

Alihesabu kwa macho, niliona akihesabu. Kisha akauliza swali moja tu, bila ukali wowote: "Disketi ilikuwa imebaki moja?"

"Moja."

Aliweka mkono begani kwangu akauondoa. Alikwenda kuketi kwenye kompyuta yake. Alisoma mpaka jenereta ilipozimwa, akachukua kikapu, akasema kwaheri mwalimu, na safari hiyo haikuwa utani.

Alifanya mtihani. Matokeo yalipobandikwa, masomo mengine alikuwa amefaulu kwa kiasi chake. Biolojia haikutosha, na bila biolojia chuo hakikumpokea. Nilisoma orodha mara tatu, ukutani, katikati ya vilio na vicheko vya watu wengine. Jumamosi iliyofuata nikavuka bonde kwenda kwake.

Nilimkuta shambani, anapunguza machipukizi ya migomba. Mama mkwe wake alikuwa kibarazani anamenya ndizi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, akaniuliza kama kwetu mvua imepungua, akasema mke wa mwanawe yuko kule nyuma, na amekuwa hasemi sana siku hizi. Nikapita.

"Umekuja," alisema.

"Nimekuja kukuomba msamaha. Si kwa ajili ya meko."

"Najua siyo kwa ajili ya meko."

Alikata chipukizi moja, akalitupa, akakata jingine. Nilikuwa nimeandaa maneno njiani, maneno mazuri, nikayasahau yote kwa kuona namna alivyokuwa akichagua: lipi libaki, lipi liondoke, bila kusita, mvua ndogo ikimdondokea kwenye kitambaa cha kichwa.

"Ningeweza kukuwekea nakala," nikasema. "Nafasi ilikuwepo. Nilijichagua mimi."

"Ndiyo." Alisimama wima, akanyoosha mgongo. "Mtu hujichagua. Mimi nilipokuwa nakuja kwenu nilimwacha mtoto mdogo na homa mara mbili. Ila mimi nilijua ninamwacha nani. Wewe hukuniona kabisa, mdogo wangu. Uliona disketi."

Akachuma jani, akafuta panga.

"Ile hadithi imefika wapi?" akauliza.

"Nimeiacha. Siwezi kuifungua."

Hapo ndipo alipokasirika, mara ya kwanza na ya pekee niliyomwona akikasirika. Alichomeka panga kwenye kisiki cha mgomba.

"Usinifanyie hivyo. Uimalize. Tukose vyote viwili, itakuwa imefaa nini?"

Nilitaka kumshika mkono, lakini ulikuwa umejaa utomvu wa mgomba, na alikuwa ameshageuka, anamwitikia mtoto aliyemwita kutoka nyumbani. Alimjibu kwa Kinyarwanda, sikuelewa. Alichukua panga akaenda, nami nikabaki kati ya machipukizi yaliyokatwa, mengine bado yanatoa maji.